Barazani Kwetu: Mwezi wa Sinema

Waliozoea kutusoma katika ukurasa huu huenda wakastaajabu kusikia kwamba mwezi mzima wa Mfungo Tano uliopita nyumba yetu hapa Dodoma ilikuwa nyumba ya sinema. Hatukuanza kwa mapenzi. Wanafunzi watatu wa madrasa yetu walikutwa kibandani wakitazama picha za mapigano wakati wa darsa, nasi tukawakemea vikali mbele ya wenzao. Mmoja wao, mtoto mwenye adabu, akauliza kwa upole: "Maalim, wewe umewahi kuiona ile picha?" Hatukuwa tumeiona, wala hatukuwa na jawabu.

Basi mpwa wetu asomaye Chuo Kikuu cha Dodoma akatuletea kompyuta yake pamoja na picha alizozichagua. Sharti letu lilikuwa moja: kila picha itazamwe na nyumba nzima baada ya swala ya Isha, kisha kila mtu, mkubwa kwa mdogo, aseme alichokiona. Nje upepo wa kipupwe ulikuwa ukipeperusha vumbi, na ndani palikuwa na karanga za kukaanga. Mara mbili kwa juma tulikaa hivyo. Si picha zote zinazostahili wino, na zile tunazoziacha hapa tumeziacha kwa makusudi.

Ya kwanza ilikuwa Risala, iliyotengenezwa mwaka 1976 na Moustapha Akkad, mzaliwa wa Halab nchini Syria aliyehamia Marekani. Aliipiga mara mbili, ya Kiingereza na ya Kiarabu, kwa wachezaji mbalimbali. Katika ya Kiingereza Sayyidna Hamza alichezwa na Anthony Quinn, na katika ya Kiarabu na Abdullah Gaith wa Misri. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, haonekani wala sauti yake haisikiki. Makhalifa nao hawaonyeshwi, hata mwanetu mdogo akawa kila mara anauliza, "Baba, Sayyidna Omar yuko wapi?" Vijana walipenda vita vya Badr. Sisi tulipenda zaidi pale Jaafar anaposimama mbele ya Najashi, mfalme wa Habasha, akamsomea khabari za Bibi Maryam. Watoto wetu wanajua Habasha iko upande gani, na walifurahi kuona kwamba Waislamu wa mwanzo walikimbilia Afrika wakapokewa.

Lakini khabari iliyotugusa zaidi haimo ndani ya picha. Mnamo Machi 1977, mjini Washington, watu wenye silaha waliteka watu zaidi ya 100 katika majumba matatu, na miongoni mwa madai yao ni kwamba picha hiyo isionyeshwe, kwa kuwa wao walidhani Quinn anamwigiza Mtume. Hawakuwa wameiona. Mwandishi wa khabari mmoja aliuawa. Mpwa wetu alipotusimulia hayo tulimkumbuka yule mtoto na suali lake, tukanyamaza.

Huyo huyo Akkad ndiye aliyeitengeneza Simba wa Jangwani, iliyotoka mwaka 1981, juu ya Sheikh Omar Mukhtar wa Libya. Hii tuliitazama kwa upendeleo, na hatuoni haya kukiri, kwa maana shujaa wake ni mwalimu wa Qur-ani mwenye miwani, mzee aliyepita umri wa miaka 70. Mwanzoni anawafundisha watoto juu ya mizani. Mwishoni Wataliani wanamnyonga mbele ya watu wake, kama walivyofanya kweli tarehe 16 Septemba 1931. Miwani yake inaanguka na mtoto anaiokota. Italia waliikataza picha hiyo mwaka 1982, na hawakuionyesha katika televisheni yao mpaka mwaka 2009. Ni haki pia kusema kwamba fedha zake zilitoka kwa serikali ya Gaddafi, ambaye jina lake limo juu ya msikiti mkubwa wa mji wetu huu. Atoaye fedha huwa na lake analolitaka. Mtazamaji na ajue hivyo, kisha aitazame. Akkad mwenyewe alifikwa na mauti Novemba 2005 huko Amman, yeye na binti yake, kwa mabomu ya watu waliodai kuupigania Uislamu.

Ile picha ya mapigano ya kibandani nayo tuliitaka, nasi tukaiona. Ni ya Kichina, na juu yake yumo Mtanzania anayefasiri kwa sauti yake, kwa mtindo alioupa umaarufu Lufufu wa Dar es Salaam. Mfasiri huyo huongeza utani wake, huwapa Wachina majina ya mitaa ya kwetu, na tulicheka mpaka mama wa watoto akatutazama. Ubaya wake si mkubwa kama tulivyohubiri. Ubaya ni kwamba watu thelathini wanauawa na hakuna hata mmoja anayezikwa. Tuliwaambia vijana hivyo, na wao wakasema hawakuwa wamelifikiri.

Kuhusu Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi, sisi na mama wa watoto hatujakubaliana mpaka leo. Ni khabari ya Unguja ya zama za ukoloni, na ya binti mdogo aliyeozwa mzee. Tuliwapeleka watoto kulala kwanza. Kiswahili chake ni kitamu na picha zenyewe zinapendeza machoni. Mama wa watoto alisema kuwa tumekosea, kwamba wasichana wetu ndio wa kuketishwa mbele waione, maana wanaoozwa ni wao. Sisi tuliona yamo ambayo baba na binti hawatazami pamoja. Akajibu: "Basi toka wewe, tutazame sisi."

Imebaki moja, nayo ni Watoto wa Mbinguni ya Majid Majidi wa Iran, ya mwaka 1997. Haina vita wala mapenzi. Kijana Ali anapeleka viatu vya nduguye Zahra kwa fundi, vinapotea, na kwa kuwa baba yao ni maskini hawathubutu kumwambia. Kwa hiyo wanatumia viatu vya Ali wote wawili: Zahra anavivaa asubuhi, anarudi mbio, wanabadilishana kichochoroni, kisha Ali naye anakimbia na kufika shuleni amechelewa. Mkuu wa shule anamkemea. Ali hasemi sababu.

Hapo binti yetu wa miaka kumi, bila ya kuondoa macho kwenye picha, akasema: "Kama wale wa mtaa wa nyuma na mtandio wao."

Tulimwuliza mtandio gani. Akaeleza kwa wepesi, kama jambo linalojulikana na wote. Dada wawili wanaosoma kwetu wana mtandio mmoja wa kuvaa madrasa. Mdogo husoma darsa la kwanza, na mkubwa humngoja nyuma ya ukuta ndipo aingie darsa la pili. Kwa muda wa miezi mitatu tulikuwa tukimsimamisha yule mkubwa nje, juani, kwa kuchelewa. Hakusema sababu.

Hatukumbuki vyema mwisho wa picha ile, ila kwamba Ali alishinda mbio akalia, kwa kuwa viatu vilikuwa zawadi ya mshindi wa tatu.

Siku ya pili, baada ya Magharibi, tulikwenda nyumbani kwao tukijifanya tunapita tu. Mama yao, ambaye huuza mlenda katika Soko la Majengo, alitukaribisha kwa heshima, akatandika mkeka, kisha akauliza kwa khofu: "Maalim, wanangu wamekosa nini tena?" Neno hilo la mwisho tulirudi nalo nyumbani.

Mama wa watoto alishona mitandio mitatu, akampa na binti yetu mmoja ili isionekane sadaka. Jumamosi dada wale walikuja pamoja, kabla ya wakati. Darsa likaanza, na tulikwisha kusoma kurasa mbili tulipotambua kwamba yule mkubwa angali amesimama nje ya mlango, mahali pake pa siku zote, akingoja kuruhusiwa.