Moyo wa Huruma Hautoshi

Kuna imani iliyoota mizizi katika vyuo vinavyofundisha ushauri nasaha na tiba ya saikolojia: kwamba somo la mbinu za utafiti ni kikwazo cha kuvukwa ili mtu apate cheti, akishavuka aendelee na kazi yenyewe. Kazi yenyewe, wanasema wenye imani hiyo, ni kipaji. Ni sikio linalosikiliza, moyo wa huruma na hekima ya kuishi na watu. Hojaji, sampuli na majedwali waachiwe watu wa takwimu. Ndiyo maana wako wanafunzi wanaomsikiliza mteja kwa makini ya kusifika, lakini tasnifu wanamlipa mtu awaandikie, na wala hawaoni kwamba wamejipunja chochote.

Imani hii ni potofu, na gharama yake haimwangukii mwanafunzi wala mwalimu wake. Inamwangukia mteja.

Mwaka 1983 Mmarekani Jeffrey Mitchell alitangaza utaratibu wa kuwasaidia wazimamoto na wahudumu wa dharura waliokumbana na mambo ya kutisha kazini. Wakusanywe mapema baada ya tukio, kila mmoja asimulie alichokiona na alichokihisi, kisha waelezwe dalili zinazoweza kuwajia. Utaratibu ulienea haraka, ukavuka mipaka ya wazimamoto na kuwafikia majeruhi wa ajali na wahanga wa majanga ya kila namna. Nani angeupinga? Kila mtu anajua kwamba kulitoa la moyoni kunaleta nafuu.

Kisha watu wakaamua kupima. Huko Cardiff, Wales, watafiti waliwagawa kwa kura wagonjwa waliolazwa kwa majeraha ya moto: wengine walipewa kikao cha namna hiyo, wengine hawakupewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997. Baada ya miezi 13, asilimia 26 ya waliopata kikao walikuwa na tatizo la msongo wa baada ya kiwewe. Kati ya wasiopata, walikuwa asilimia 9.

Hapa ndipo mwanafunzi aliyefunzwa vizuri anapotengana na asiyefunzwa. Asiyefunzwa atazichukua namba hizo mbili na kukimbia nazo. Aliyefunzwa atauliza kwanza kama makundi hayo yalikuwa sawa tangu mwanzo, na atakuta kwamba hayakuwa sawa. Watafiti wenyewe walieleza kuwa waliopata kikao walikuwa na majeraha makubwa zaidi na dhiki kubwa zaidi tangu siku ya kwanza. Basi uchunguzi huo mmoja hautoshi kutoa hukumu. Atautafuta mwingine, na ataukuta Oxford, ambako majeruhi wa ajali za barabarani walifuatiliwa kwa miaka 3. Ripoti ya mwaka 2000 ilionyesha kwamba wale waliokuwa na mshtuko mkubwa mwanzoni walibaki na dalili zao kama walipewa kikao; waliokuwa na mshtuko kama huohuo lakini hawakupewa, walipona. Hatimaye ataukuta uchambuzi wa taasisi ya Cochrane wa mwaka 2002, uliokusanya tafiti za aina hiyo na kushauri kwamba kuwalazimisha wahanga kuingia katika vikao hivyo kukome.

Karibu miaka 20 ilipita kati ya wazo na hukumu. Katika miaka hiyo, washauri wenye nia njema kabisa waliwaketisha watu waliojeruhiwa na kuwafanyia jambo ambalo halikuwasaidia, na ambalo wengine liliwachelewesha kupona. Huruma hawakuikosa. Walichokosa ni kitu cha kulinganishia: hawakumwona mgonjwa aliyerudi nyumbani bila kikao na kupona taratibu kwa msaada wa ndugu zake. Mshauri humwona yule tu aliyekaa mbele yake.

Mtetezi wa kipaji atajibu kwamba mteja mwenyewe husema kama amesaidika. Jibu hilo lilipata pigo zito katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Mwaka 1939, katika miji ya Cambridge na Somerville, ulianzishwa mradi wa kuwazuia wavulana wasiingie katika uhalifu. Wavulana 506 walipangwa wawili wawili kwa kufanana, kisha sarafu ikarushwa kuamua nani ahudumiwe na nani aachwe. Waliochaguliwa walitembelewa nyumbani na washauri, wakapata msaada wa masomo na wa matibabu, na wengine wakapelekwa kambini wakati wa likizo. Huduma iliendelea kwa wastani wa miaka 5.

Takriban miaka 30 baadaye, mtafiti Joan McCord aliwatafuta wanaume hao. Theluthi mbili ya waliohudumiwa waliomjibu walisema mradi uliwafaa, na baadhi yao waliwakumbuka washauri wao kwa upendo. Lakini McCord alipofungua kumbukumbu za mahakama, za hospitali na za vifo, alikuta kwamba hawakuwa wametenda uhalifu mdogo kuliko wenzao walioachwa. Waliotenda kosa la kwanza walielekea zaidi kurudia, dalili za ulevi zilikuwa nyingi zaidi kwao, na waliofariki walikufa wakiwa na umri mdogo zaidi. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1978. Shukrani za mteja ni za kweli na ni za kuheshimiwa, ila hazithibitishi kwamba huduma ilifanya kazi.

Uzoefu nao je? Mshauri aliyekaa kazini miaka mingi si anajua kwa kumtazama tu mteja kama anaendelea vizuri? Mwaka 2005 zilichapishwa takwimu za wateja 550 nchini Marekani. Washauri wao waliombwa kubashiri nani ataondoka akiwa na hali mbaya kuliko aliyoingia nayo. Waliozidiwa walikuwa 40. Washauri walibashiri 3, na kati ya hao 3 walipatia mmoja tu. Watu 39 walizidiwa mbele ya macho ya wataalamu bila kuonekana. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2012 uliwauliza wataalamu 129 wajilinganishe na wenzao: hakuna hata mmoja aliyejiweka chini ya wastani, na robo yao walijiweka katika asilimia 10 ya juu. Mwaka 2016 ukaja uchunguzi uliowafuatilia wataalamu 170 na wateja wao zaidi ya 6,500 kwa miaka. Matokeo ya wataalamu hao, kwa wastani, hayakupanda kadiri uzoefu ulivyoongezeka, yalishuka kidogo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mshauri anayejisifu mwenyewe bila kipimo hana wa kumstua.

Wanaoutenga utafiti na huruma hupenda kumtaja Carl Rogers kama shahidi wao, kwa kuwa ndiye aliyefundisha ulimwengu kumsikiliza mteja bila kumhukumu. Wamemsoma nusu. Akiwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Rogers na wanafunzi wake walianza kurekodi vikao kwenye santuri, katika enzi ambayo santuri moja ilibeba dakika chache tu na ikabidi ibadilishwe mazungumzo yakiendelea. Katika kitabu chake cha mwaka 1942 alichapisha vikao 8 vya mteja mmoja, neno kwa neno, ili yeyote aone mshauri alisema nini na mteja akajibu nini. Alifanya hivyo kwa sababu hakuiamini kumbukumbu ya mshauri, ya kwake ikiwamo. Hata maelezo yake maarufu ya mwaka 1957 kuhusu masharti ya mabadiliko ya mteja aliyaandika kama nadharia tete za kupimwa. Kumpenda Rogers na kuuchukia utafiti ni kumkana.

Wako wanaodai kwamba hayo yote ni mambo ya Ulaya na Marekani. Basi twende Rakai na Masaka, Uganda. Watafiti walianza kwa kuwauliza wanakijiji wenyewe matatizo yao na jinsi wanavyoyatambua, wakagundua kwamba hali inayofanana na sonona inajulikana vizuri na ina majina yake. Kisha vijiji 30 vikagawanywa kwa kura: vingine vilipata tiba ya vikundi kwa wiki 16, ikiongozwa na watu wa hapohapo waliopewa mafunzo mafupi, na vingine vilisubiri. Matokeo yalitoka mwaka 2003. Katika vijiji vilivyopata tiba, waliokuwa na sonona walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Katika vijiji vilivyosubiri, walishuka kutoka asilimia 94 hadi 54.7.

Namba hiyo ya mwisho inastahili kutazamwa kwa utulivu. Watu wengi walipata nafuu bila tiba hiyo, pengine kwa sababu mvua ilinyesha, deni likalipwa, au majonzi yakapoa kwa kupita siku. Mshauri asiye na kundi la kulinganishia angejihesabia nafuu hiyo yote kuwa kazi ya mikono yake. Pale Rakai kundi la kulinganishia lilikuwapo, kwa hiyo inajulikana ni kiasi gani tiba iliongeza, na kiasi hicho ni kikubwa.

Karibu zaidi na nyumbani kuna Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya. Watoto yatima 640 wa umri wa miaka 7 hadi 13 waligawanywa kwa kura: nusu walipata tiba ya kiwewe iliyotolewa na washauri wasio wataalamu wa afya ya akili, wengine huduma za kawaida. Ripoti ilichapishwa mwaka 2020. Baada ya mwaka mmoja, watoto wa Bungoma waliopata tiba walikuwa bado wamewazidi wenzao kwa mbali. Wa Moshi walikuwa nao wamepata nafuu, lakini walioachiwa huduma za kawaida walikuwa wamewafikia. Tiba ni ileile na mwongozo ni uleule, lakini matokeo yametofautiana kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine. Mshauri wa Kilimanjaro anahitaji kujua hilo kabla ya kuwaahidi walezi chochote, na kipaji hakitamwambia.

Upande wa pili una hoja moja ya haki: somo hili linafundishwa vibaya. Mwanafunzi anakaririshwa aina za sampuli, anaambiwa aandike sura tano, anasambaza hojaji kwa watu wasiojua wanachojibu, anapeleka majibu kwa kijana wa kompyuta ayatoe majedwali, kisha anaitetea kazi ambayo hakuna mteja hata mmoja aliyeguswa nayo. Akiondoka hapo anauchukia utafiti, na hana lawama. Dawa ya mafundisho mabovu ni kuyatengeneza, si kulifuta somo.

Mahali pa kuanzia papo. Hojaji ya PHQ-9 ya kupima sonona, ambayo imefasiriwa kwa Kiswahili na kuchunguzwa Kenya na Tanzania, ni ukurasa mmoja. Ina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, na swali la mwisho linagusa mawazo ya kufa au kujidhuru. Mteja huijaza kwa dakika chache kabla ya kikao. Huko Muhimbili, Sylvia Kaaya na wenzake walikwenda mbali zaidi: mwaka 2008 waliripoti chombo cha maswali 19 kilichotengenezwa kwa ajili ya kutambua sonona kwa wagonjwa wa Tanzania. Na mwanafunzi anayejua kumsikiliza mteja tayari ana nusu ya ustadi wa mahojiano ya kina. Kinachobaki ni kumfundisha kuandika alichosikia bila kukipamba na kutafuta ushahidi unaompinga.

Kenya ilipitisha sheria ya kuwasimamia washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014. Bodi na vyuo, huko na katika nchi jirani, sasa vidai mambo matatu. Mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo ampime kila mteja tangu kikao cha kwanza na kuyaleta matokeo mbele ya msimamizi, yakiwamo ya wateja waliozidiwa na walioacha kuja. Kila muhula asome utafiti mmoja wa Afrika Mashariki hadi auone udhaifu wake. Na tasnifu itokane na huduma aliyoitoa mwenyewe, kwa ridhaa ya wateja, isahihishwe na mtu anayewajua wateja wa aina hiyo. Hakuna kati ya haya linalohitaji maabara wala fedha za wafadhili, na yote yanaweza kuanza muhula ujao.