Barua ya wazi kwa ofisi inayotuhesabu kwa daftari la zamani

Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi,

Jina la ofisi yako silitaji. Unalijua, na karani wako amelipiga muhuri juu ya ombi langu.

Niliomba mtaro wa nyuma ya duka langu, hapa Jinja, uzibuliwe na upanuliwe. Ukanijibu kwa lugha laini kwamba mtaro huo unautosha mji wa watu 72,000 na ushei. Nilikuwa bado na jibu lako mezani mvua iliponyesha usiku, maji yakaingia mpaka meza ya kukatia. Sare za shule nilizokwisha kushona zililala kwenye tope. Majora ya kitambaa niliyokopa, vivyo hivyo. Cherehani moja imeshika kutu. Lakini sare, Mheshimiwa! Wazazi wamekwisha kuzilipia.

Hesabu yako ni ya sensa ya 2014, tulipokuwa manispaa. Tarehe 1 Julai 2020 tulifanywa jiji, siku moja na Mbale, na mipaka ikameza Bugembe, Mafubira na Budondo. Sensa ya 2024 ikakuta zaidi ya watu 250,000. Anayekuja kudai leseni ya biashara habari hizo anazo, hakosei hata shilingi. Tukidaiwa sisi ni jiji. Tukidai sisi, tunarudishwa manispaa.

Nakuelewa kidogo. Baba yangu aliletwa hapa na viwanda, miaka ile bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa, 1954, watu wakamiminika kutoka Busoga, Bugisu na Kenya. Kiswahili hiki ni cha mtaa wa Walukuba, cha watoto wa wafanyakazi. Kisha 1972 Amin akawafukuza Wahindi, maduka ya Main Street yakafungwa, viwanda vikasinzia. Kati ya sensa ya 1991 na ya 2002 manispaa iliongeza watu kama 6,000 tu. Huenda ofisi yako ilizoea mji usiokua, ikaweka kalamu chini.

Tena hata zamani hesabu hiyo ilikuwa nusu. Sensa humwandika mtu alikolala. Wa Bugembe alilala Bugembe, lakini mchana kutwa alikuwa sokoni kwetu, na mfuko wake wa plastiki uliishia mtaroni kwetu. Ndio huo niliouchomoa kwenye sare za watoto.

Usiniambie ni mtaro mmoja. Mbale, mji uliosifika kwa usafi, ulifurika Julai 2022. Mito Nabuyonga na Namatala ilipita majumbani, wakafa zaidi ya watu 20. Mlituma rambirambi. Hodari wa rambirambi ninyi nyote, na wa kukata utepe, na wa kubandika neno "jiji" kwenye vibao vya mji uliobaki na mitaro ya wakoloni.

Ninataka sare zilipwe. Ninataka mtaro uchimbwe kabla ya masika. Na bandikeni mlangoni idadi ya watu mnayoipangia bajeti, tuisome wenyewe.

Shule zinakaribia kufunguliwa na wazazi wanaulizia sare kila asubuhi. Kuanzia Jumatatu nitawaelekeza kwako. Ofisi yako si mbali, na foleni wameizoea.

Wako mlipa kodi,
Fundi cherehani, Jinja