Jumba la Taifa la Michezo: Nyumba Iliyojengwa kwa Wachache, Sasa ni ya Wote

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Hata hivyo, ziko familia nyingi za askari na polisi ambazo hupita mbele ya Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza mjini Kampala, karibu na Bunge, bila kuingia hata mara moja. Hudhani kwamba ni mahali pa wasomi na wageni. Dhana hiyo ilikuwa na chanzo, lakini imepitwa na wakati.

Jumba hilo lilifunguliwa mwezi Desemba, 1959, chini ya serikali ya kikoloni. Viti vyake havifiki 400, hivyo aketiye nyuma hayuko mbali na mwigizaji. Katika miaka ya mwanzo michezo mingi ilikuwa ya Kiingereza, na mwananchi wa kawaida hakujiona jukwaani.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Oktoba, 1962, mambo yalianza kugeuka. Mwezi uliofuata, katika shamrashamra za Uhuru, wanafunzi wa Makerere waliigiza humo The Black Hermit, mchezo uliotungwa na mwenzao kutoka Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o. Wycliffe Kiyingi, aliyeunda chama cha waigizaji Waafrika tangu 1954, alithibitisha kwamba Kiluganda chaweza kubeba mchezo mzima. Okot p'Bitek, mshairi mzaliwa wa Gulu, naye alikabidhiwa uongozi wa jumba mwaka 1966. Kikundi cha ngoma cha taifa, Heartbeat of Africa, kiliwakusanya wachezaji wa makabila mbalimbali, wakafundishana ngoma za kwao.

Lakini jukwaa linalosema kweli halikosi maadui. Byron Kawadwa, mkurugenzi wa sanaa wa jumba hilo, alitunga mchezo wa nyimbo uitwao Oluyimba lwa Wankoko, unaosimulia habari za kunyang'anyana madaraka. Mapema mwaka 1977 mchezo huo uliiwakilisha Uganda katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi mjini Lagos, Nigeria. Baada ya kurejea nyumbani, Kawadwa alikamatwa na watu wa usalama wa serikali ya Idi Amin, akauawa mwaka huo huo.

Kwa wakazi wa Dranya na Koboko yote, ambako ndiko asili ya ukoo wa Amin, habari hii si nyepesi kusimulia. Mtoto wa Koboko hana deni kwa damu asiyoimwaga. Hata hivyo, ni vyema aijue, hasa ikiwa baba au mama yake huvaa sare. Bunduki aliyopewa askari ni ya kumlinda raia, na msanii ni raia.

Familia itokayo Dranya huanzia safari yake Koboko, ikapita Arua, ikavuka Mto Nile huko Pakwach, kisha ikashika njia ya Karuma hadi Kampala, mwendo wa zaidi ya kilomita 500. Wengi huifunga safari hiyo kwa ajili ya matibabu, masomo au kazi. Ikibaki nafasi ya jioni moja, itumike vyema. Kwanza baba au mama aulize jumbani mchana ni mchezo gani utakaoonyeshwa, wa lugha gani, kiingilio ni kiasi gani, na kama unawafaa watoto. Kisha familia ifike mapema. Simu zizimwe, na mtoto mchanga akilia atolewe nje kwa upole. Nyuma ya jumba pana vibanda vya kazi za mikono, ambako vikapu, ngoma na vinyago huuzwa. Bei huzungumzwa kwa heshima.

Kabla ya pazia kufunguliwa, mzazi awaeleze watoto kwa ufupi habari za Kawadwa. Watakaporudi Dranya, waachwe watunge mchezo wao chini ya mwembe, kwa Kikakwa, Kilugbara au Kiswahili, huku adungu ikipigwa. Wazee nao wasikawie kuketi na kutazama, hata kama mchezo huo utawagusa wao wenyewe.