Kabla ya Kumjibu, Mwache Aseme

Vijana wenzangu, leo nina hoja moja, na najua wengine mtaipinga. Makala zetu nyingi za kutetea wakimbizi hazimbadilishi mtu. Tunasomana sisi kwa sisi, tunapigiana makofi, basi. Yule mwenye duka hapa Busia anayesema "hawa watu wamezidi" hajibiwi. Anaitwa mbaguzi tu, na kesho anaamini alichoamini jana.

Wako wanaosema: kuandika hoja ya mpinzani ni kumpa silaha, kwa nini nirudie maneno yanayoniumiza? Nawaelewa. Aliyetukanwa njiani hataki kufika nyumbani aliandike lile tusi upya. Na kweli, matusi, vitisho na wito wa kupiga watu havistahili mjadala. Lakini hoja ni kitu kingine. Iko sokoni tayari, iko kwenye bodaboda, iko kwa viongozi. Ukiinyamazia, msomaji anadhani huna jibu.

Tuchukue ile tunayoisikia sana: "Wakimbizi wanapewa kila kitu bure, sisi wenyeji tunaangalia tu."

Kwanza, iandike vizuri mpaka mwenyewe akisoma aseme, ndiyo, hivyo ndivyo ninavyomaanisha. Mwenyeji ana mtoto kwenye darasa lililojaa. Zahanati yake haina dawa. Halafu anaona gari la shirika linapita mbele ya mlango wake bila kusimama. Hiyo inauma, jamani, na si uongo.

Pili, kubali kilicho kweli. Uganda msaada mwingi huelekezwa kwenye makazi ya wakimbizi kama Nakivale, Bidibidi na Kiryandongo, na wanaoishi jirani na makazi hayo wengi wao ni maskini pia. Ndiyo maana kuna kanuni kwamba asilimia 30 ya huduma iwafikie wenyeji. Mwenyeji akiuliza "hiyo 30 yangu iko wapi?" ana haki, na sisi tuulize pamoja naye.

Tatu, jibu kilichobaki. "Kila kitu bure" si kweli. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea nchini. Lakini akiamua kuishi mjini, iwe Tororo au Busia, kwa kawaida hapati mgao, maana chakula hugawiwa kwenye makazi. Anayeshona nguo au kuuza samaki hapa analipa kodi ya nyumba na ushuru wa soko kama jirani yake. Hata huko kwenye makazi, mwaka 2023 WFP waliwapanga watu kwa makundi kulingana na shida, na wengine wakatolewa kabisa kwenye mgao. Mwenye duka halazimiki kutuamini sisi. Amuulize mpangaji wake.

Kuna jibu moja tulitumie kwa uangalifu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Wakenya wengi walikimbia ghasia wakavuka hapa Busia na pale Malaba. Tororo iliwapokea kwenye kambi ya Mulanda kabla hawajahamishiwa Kiryandongo. Tukibanwa, tunalirusha hili kama jiwe: "Si hata ninyi mlikimbia!" Hapo umelipiza kisasi tu. Hujasema nani atajenga darasa wala nani ataleta dawa. Jibu swali kwanza, ndipo uikumbushe Mulanda, kwa upole. Wengi waliolala pale walikuwa na maduka na mashamba mwaka uliotangulia. Ukimbizi unaweza kumpata yeyote.

Usidhani njia hii ni ya wanyonge. Serikali ya Kenya ilipotaka kufunga kambi ya Dadaab kwa sababu za usalama, suala lilifika mahakamani. Wanasheria hawakuweza kusema tu "serikali ina roho mbaya" wakaketi. Ilibidi hoja ya usalama ijibiwe kwa sheria na katiba, na Februari 2017 Mahakama Kuu ikauzuia uamuzi ule. Jaji hatoi hukumu kabla ya kusikia pande zote. Msomaji wetu naye ni jaji.

Ndugu zetu wa mashirika, na ninyi mnahusika. Tukiwauliza ile asilimia 30 imefanya nini, tupeni majibu tunayoweza kuyaandika, hata kama si mazuri. Kijana asiye na takwimu atabaki na hasira peke yake.

Kwa hiyo wiki hii, kabla hujaituma makala yako, mpe mtu mmoja asiyekubaliana nawe asome ile sehemu uliyoeleza maoni yake. Akisema "sijasema hivyo", rudi ukaandike tena. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname.