Mwanafunzi Wako Si Kontenti

Msimu wa TP unakaribia, na waliotutangulia wanajua stetasi zetu zitakavyokuwa. Wiki ya kwanza ni picha ya chumba ulichopanga, ndoo ya maji, na maneno "maisha ya fildi". Wiki ya pili ni mwalimu mpya ameshika chaki, nyuma yake watoto hamsini wamejipanga kama pazia. Wiki ya tatu, ugeni ukishaisha, ndipo yanapokuja yenyewe: klipu ya mtoto anayekwama kusoma sentensi ubaoni, karatasi ya mtihani yenye majibu ya kuchekesha, darasa zima likicheza wimbo unaovuma TikTok huku jina la shule likisomeka vizuri ukutani. Watu wanacheka, wanasambaza, wafuasi wanaongezeka.

Ninachotaka kusema ni kimoja. Uso wa mtoto, jina lake na makosa yake ya darasani ni vyake. Kupangiwa kipindi cha Hisabati hakutupi haki ya kuvitoa nje ya darasa.

Wala tusijifanye hatujui faragha ni nini. Inapotuhusu sisi tunaijua sana. Nani hapa hajui namna ya kumficha mjomba anayelipa ada asione stetasi ya Jumamosi usiku? Tunafunga simu kwa alama ya kidole, tunafuta meseji pande zote mbili, tunanuna mtu akituposti bila kutuuliza, hasa kama tumetoka vibaya. Haki hiyo tunayoidai kwa nguvu tunaisahau pale anayepigwa picha ana miaka tisa na anatuamkia shikamoo.

"Niliwauliza, wakakubali." Ndivyo tunavyojitetea. Jamani, mtoto wa darasa la nne anamkataliaje mwalimu? Wewe ndiye unayemsahihishia daftari na kumruhusu kwenda chooni. Ukisema "simameni hapa", wanasimama. Ukisema "chekeni", wanacheka. Huo ni utii, si ridhaa.

Na mzazi je? Mimi ni wa Sumbawanga, nazungumzia ninakokujua. Ukitoka mjini ukaelekea Laela, Matai au Namanyere, au ukateremka bondeni hadi Mtowisa, utakuta wazazi wengi wana simu ya kitochi tu. Mtoto wao anaweza kutazamwa na watu elfu kumi Dar es Salaam na wao wasijue kamwe. Mtu asiyeweza kuona ulichoposti hawezi kuja kukulalamikia, kwa hiyo ukimya wake usiuhesabu kuwa ruhusa.

Chukua hiyo karatasi ya mtihani inayopendwa sana. Tuseme swali linasema, "Taja viungo vitatu vya mmea", na mtoto ameandika: pilipili, binzari, karafuu. Ukiiposti utapata vicheko mia mbili. Sasa iangalie kama mwalimu. Mtoto wa kijijini Ufipa nyumbani anazungumza Kifipa, na Kiswahili chake kingi anakipata shuleni. Neno "viungo" amelisikia kwenye habari za mapishi kabla ya kulikuta kwenye somo la Sayansi. Amejibu kwa akili kabisa, tena vyote vitatu alivyovitaja vinatokana na mimea kweli. Hapo kuna somo zuri la dakika kumi: viungo vya mwili, viungo vya mmea, viungo vya mchuzi. Anayetafuta laiki haoni somo, anaona kichekesho.

Na jina la mtoto liko juu ya karatasi. Kesho mtu mmoja pale kijijini mwenye simu janja anaiona, keshokutwa shule nzima inamwita "Karafuu". Tangu siku hiyo hanyooshi mkono tena. Sisi tunaosoma ualimu tumefundishwa kwamba mtoto hujifunza kwa kujaribu na kukosea, na kwamba darasa lazima liwe mahali salama pa kukosea. Tunaiandika nadharia hiyo kwenye mtihani, tunapata A, halafu tunakwenda fildi kuivunja kwa kidole gumba. Faragha ya mwanafunzi ndiyo inayomwezesha kurudi kesho akajaribu tena, bila watu kumkumbuka kwa alichokosea leo.

Kama bado unaona nakuza mambo, ligeuze. Msimamizi aliyekuja kukukagua anaposti fomu yako ya tathmini, jina lako na alama zako zikionekana, na maneno haya: "Huyu kaishiwa na maneno dakika ya kumi na tano, bado ishirini na tano." Ungekuwa ofisini kwa mlezi wa wanafunzi kabla jua halijazama, na sisi wote tungekuunga mkono.

Kuna na hatari ya fedha, na kwetu Rukwa hii si hadithi. Ripoti za robo mwaka za TCRA zimekuwa zikiutaja mkoa wetu, pamoja na Morogoro, kuwa vinara wa majaribio ya ulaghai kwa njia ya simu. Vyuoni tunataniwa. Zamani ukisema unatoka Sumbawanga walikuuliza habari za uchawi, ingawa jina lenyewe la mji kwa Kifipa ni "tupa uchawi". Siku hizi wanaficha simu zao. Tunacheka pamoja nao, lakini wanaotapeliwa wengine ni wazazi wetu wenyewe.

Tapeli wa aina hii hahitaji utaalamu wa kompyuta. Anahitaji jina, uhusiano na haraka. Utapeli wa "mwanao ameanguka hapa shuleni, mimi ni mwalimu wake, tuma hela ya hospitali sasa hivi" unajulikana nchi nzima, na kinachoufanya uaminike ni vitu vidogovidogo. Mama akiambiwa jina la mtoto, darasa lake, jina la shule, hata sweta la kijani lililochanika kiwiko ambalo mtoto alivaa juzi kwa sababu ya baridi yetu ya Julai, atabisha vipi? Anatuma hela ya gunia la mahindi aliloliuza wiki iliyopita. Sweta lilikuwa kwenye video ya mwalimu wa TP. Jina lilikuwa kwenye karatasi ya mtihani. Namba ya simu ilikuwa kwenye orodha ya michango ya chakula ambayo mtu aliipiga picha akaitupia kwenye grupu. Kila mmoja alitoa kipande chake kidogo bila nia mbaya, na tapeli kazi yake ilikuwa kuviunganisha tu. Ujumbe wa kitapeli unaweza kuripotiwa kwa namba 15040, na tuwafundishe wazazi hivyo, lakini ni bora zaidi tusiwe sisi tunaomwandalia tapeli maelezo.

Sheria nayo haiko kimya. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kulindwa nafsi yake, maisha yake binafsi na familia yake. Haikusema "kila mtu mwenye kitambulisho" wala "kila mtu mwenye simu janja". Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa zinazohusu watoto kwenye kundi la taarifa nyeti, kundi linalodai uangalifu mkubwa zaidi na ridhaa ya maandishi. Tume ya kuisimamia ipo, na ilizinduliwa na Rais Samia tarehe 3 Aprili 2024. Ni kweli sheria hiyo ina nafasi yake kwa mambo ya mtu binafsi kabisa. Lakini akaunti iliyo wazi kwa maelfu ya watu usiowajua, inayoonyesha watoto uliokabidhiwa na shule, mimi sioni ni jambo lako binafsi kwa namna gani.

Majirani zetu wameshafika mbali zaidi. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza Roma School ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuposti picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Katika tangazo hilohilo, klabu ya starehe ya Casa Vera Lounge ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa yake. Linganisha hizo faini mbili. Picha za watoto wa shule ziligharimu zaidi ya mara mbili ya picha ya mtu mzima aliyekwenda kustarehe.

Wapo watakaosema: bila picha, nani angejua watoto wanakaa chini? Hoja hii naiheshimu, maana imeleta madawati kweli mahali pengine. Ila kinachotakiwa kuonekana ni upungufu. Darasa tupu lenye madawati sita linaeleza kila kitu. Choo kilichobomoka hakihitaji mtoto asimame mbele yake. Tena picha ya namna hiyo, ukimpelekea kwanza mwalimu mkuu na kamati ya shule, inawasaidia kudai. Ukiitupa mtandaoni wewe mgeni wa wiki chache, wao ndio watakaoitwa kujieleza.

Hoja nzito zaidi ni ya Mbeya. Oktoba 2016 ilisambaa video ya walimu wanafunzi, watu wa TP kama sisi, wakimpiga mwanafunzi wa Sekondari ya Mbeya Day. Bila video ile huenda wasingeguswa. Walifukuzwa vyuoni, na nchi nzima ikajua. Aliyerekodi ukatili ili ukome alifanya jambo jema, na sitaki makala hii itumike kumnyamazisha mtu wa namna hiyo. Lakini kijana aliyepigwa alipigwa mara moja katika ofisi ya walimu, kisha akaonekana akipigwa kwenye simu za watu wasio na idadi. Najua mtasema wakubwa hawashtuki mpaka mtandao uwake moto. Kuna ukweli hapo. Basi uso wake ufunikwe na jina lake liondolewe. Ukatili utaonekana vilevile, na wanaopaswa kujibu watajibu.

Na wale wanaosema "mbona viongozi na mashirika nao wanaposti watoto"? Ndiyo, wanaposti. Mgeni anakuja na boksi moja la madaftari na wapiga picha watatu. Hilo nalo ni baya. Lakini gari la mgeni likishaondoka, sisi ndio tunaobaki na wale watoto, na sisi ndio wanaotuita walimu.

Kwa hiyo tufanye nini? Siku ya kuripoti, muulize mwalimu mkuu utaratibu wa shule kuhusu picha, na kama haupo, chukulia kwamba jibu ni hapana. Wakati wa kipindi simu ikae kwenye begi. Kama ripoti yako ya TP inahitaji picha, omba ruhusa ya shule, piga ubao, zana ulizotengeneza, mikono ya watoto wakifanya kazi au migongo yao, na picha ziishie kwenye ripoti. Karatasi za mtihani, daftari la mahudhurio na orodha za wazazi visipigwe picha hata kwa utani, maana grupu la marafiki ishirini ni skrinishoti moja tu kabla halijawa la wote. Kama unazo za mwaka jana, zifute leo. Na akaunti zako mwenyewe uzifunge kidogo kabla hujaenda, kwa sababu wanafunzi wa sekondari watakutafuta jina lako siku ya kwanza kabla hujamaliza kujitambulisha.

Kwa serikali yetu ya wanafunzi nina ombi moja. Semina ya kutuandaa kwa TP inatumia siku nzima kutueleza andalio la somo, azimio la kazi, mavazi, hata urefu wa sketi. Simu haitajwi. Waziri wa elimu wa serikali ya wanafunzi apeleke pendekezo idarani tupewe nusu saa kwenye semina hiyo, na karatasi ya ukurasa mmoja ambayo kila anayekwenda fildi ataisaini: sitasambaza picha, sauti, jina wala kazi ya mwanafunzi bila ridhaa ya maandishi ya mzazi na shule. Pia ateuliwe mtu mmoja ambaye mwalimu mkuu wa Laela au Matai anaweza kumpigia simu akiona mtoto wake mtandaoni, na namba yake iandikwe kwenye barua ya kuripoti.

Orodha za vituo hazijabandikwa bado. Pendekezo hili likipelekwa kabla hazijatoka, linaweza kufanya kazi mwaka huuhuu.