Idara ndogo za uhandisi zisifungwe, zigawanwe

Mfanyabiashara wa Muyinga anayevusha mzigo Kobero huhesabu ushuru, mafuta na siku za lori barabarani. Mara chache humhesabu mhandisi. Lakini umeme ukikatika na mashine ya kukoboa ikizima, mhandisi ndiye anayeamua kama mzigo utafika sokoni leo au wiki ijayo.

Mtambo wa maporomoko ya Rusumo, wa megawati 80, ni mali ya Burundi, Rwanda na Tanzania, na njia yake ya umeme inafika Gitega. Januari 2025 ulisainiwa mkataba wa reli ya kisasa kutoka Uvinza hadi Musongati. Kujenga kuna mwisho, kutunza hakuna.

Idara ya reli au ya umeme wa msongo mkubwa huwa na wanafunzi wachache, maabara ghali na walimu wa kuhesabika. Mmoja akistaafu, kozi inayumba. Mhasibu akilinganisha ada na gharama, atashauri ifungwe. Ikifungwa, mtaalamu ataagizwa kutoka mbali kwa dola, na gharama hiyo italipwa na mnunuzi.

Kugawana si jambo geni. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kati ya 1963 na 1970, kiliweka uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam na udaktari Makerere. Kilivunjika, kila nchi ikajenga chake. Dar es Salaam ilianza kufundisha uhandisi 1973. Anayepokea tu bila kutoa hachelewi kujitoa.

Kwa hiyo Gitega ipewe fungu lake, mathalani utunzaji wa njia za umeme, na vijana wa Ngara waje kusoma hapo. Wa Gitega nao waende Tanzania, ambako treni za umeme zinatembea tangu 2024. Marais wa Jumuiya walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu mwaka 2017. Tangazo hilo halina faida ikiwa kijana atatozwa ada ya mgeni, au atakwama kati ya Kifaransa na Kiingereza.

Vyama vya wafanyabiashara vinavyopigania foleni fupi mpakani vipiganie na hili: ada moja, vyeti kutambuliwa pande zote, na nafasi za mafunzo kwa vitendo katika viwanda na maghala ya wanachama wao.