Programu ya akiba imepakwa rangi, mlango bado umekwama

Wiki hizi simu zetu hapa Baraka zinapokea ujumbe wa furaha: programu ya kuweka akiba na kupata faida imefanywa upya. Nimeifungua. Rangi imebadilika, vitufe vimekuwa vya mviringo, na kuna picha ya mama anayecheka ameshika simu kubwa ya bei. Chini ya picha hiyo maneno ni yale yale, Kifaransa kirefu cha ofisi, na mwisho wake kitufe cha kukubali masharti ambayo hata mwalimu wa sekondari angeyasoma mara mbili. Kampuni siitaji jina, maana ugonjwa huu si wake peke yake.

Nasema wazi: hiyo si kazi ya kufanya upya. Ni kupaka rangi nyumba ambayo mlango wake haufunguki.

Kuna watakaosema raia wa Fizi hawajazoea mambo ya uwekezaji, tuwape muda. Huo ni uongo wa mtu ambaye hajakaa kwenye mkutano wa AVEC hata mara moja. Watu kumi na tano mpaka ishirini na tano, sanduku la chuma, kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Kila wiki mtu ananunua hisa, kuanzia moja mpaka tano, na muhuri unapigwa kwenye kitabu chake. Asiyejua kusoma anahesabu mihuri. Pesa inahesabiwa mbele ya macho ya wote, jumla inatajwa kwa sauti. Mkopo unatoka humo, riba inarudi humo, na mzunguko ukiisha wanagawana. Njia hii ilianza Maradi, kule Niger, mwaka 1991, na shirika la CARE kwa wanawake wa vijijini, ikaenea hadi kwetu. Hisa, mkopo, riba, mgao: mama muuza ndagala anavijua vyote kwa Kiswahili na kwa Kibembe. Asichojua ni menyu yenu.

Lakini sanduku lina udhaifu mmoja, na ninyi ndugu mliofika hapa mmebeba godoro na watoto mnaujua kuliko mimi. Sanduku halikimbii. Risasi zikilia, wenye funguo watatu wanatawanyika njia tatu. Sanduku linabaki, linafukiwa, au linaporwa njiani. M23 walipoingia Goma Januari 2025 na Bukavu Februari, mabenki yalifunga milango huko, na mwenye akaunti alibaki na karatasi tu mkononi. Desemba mwaka huo huo ikawa zamu ya Uvira. Mtu wa namna hii, simu mfukoni ndiyo sanduku pekee analoweza kubeba usiku. Kwa hiyo programu mbaya kwake si usumbufu mdogo. Ni mtaji wa mbegu, wa nyavu, wa karo, unaokwama.

Unakwamaje? Kwanza, programu mpya haikubali simu ya zamani. Ni nzito, inakula megabaiti za siku mbili, na mwenye simu ndogo ya vitufe hana nafasi kabisa. Pili, ukikawia kusoma, inakutoa nje, unaanza upya. Makato yanaonekana baada ya kuthibitisha, wakati AVEC faini yenyewe inajulikana kabla hujachelewa. Franga na dola zimewekwa mlango mmoja, mtu anatuma kwenye franga akidhani ameweka dola. Na baya kuliko yote: kadi ya simu ikipotea, waambiwa uje na kadi ya mpiga kura. Hiyo kadi iliungua pamoja na nyumba! Hapo mtu anamwachia kijana wa kabini namba yake ya siri ili amsaidie, na tunajua wangapi wamelia baada ya hapo.

Tazameni jirani. Kenya ilianzisha M-Akiba Machi 2017: hati ya serikali inayonunuliwa kwa simu ya aina yoyote, kwa kupiga *889#, kuanzia shilingi 3,000 badala ya 50,000, faida asilimia 10 kwa mwaka. Wazo zuri sana. Awamu ya majaribio, watu zaidi ya laki moja walijiandikisha. Walionunua hawakufika elfu sita. Awamu iliyofuata walitafuta bilioni moja, wakapata karibu robo tu. Sisemi menyu peke yake ndiyo iliharibu, pesa nayo ilikuwa ngumu. Ila watu laki moja hawajiandikishi kwa kitu wasichokitaka. Kati ya kutaka na kununua kuna njia, na ni wajibu wa mwenye duka kuisafisha. Sisi hata huko hatujafika: tangu 2019 serikali yetu inauza hati za hazina, na wanunuzi ni mabenki. Nani Fizi ameziona?

Kampuni zitajibu kwamba mtandao ni mbovu na sheria ya utambulisho ni kali. Mtandao ni mbovu kweli. Ndiyo sababu huduma ipite kwenye menyu ya namba, si kwenye picha. Na utambulisho, mbona AVEC wamelitatua? Funguo tatu. Mtu achague mapema watu watatu anaowaamini, na akipoteza kadi, wawili wao wathibitishe kwa simu zao kwamba ni yeye. Jumla yake isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, akipiga namba ya bure. Makato yatajwe kabla. Benki Kuu ikikataa, iseme hadharani kwa nini, tuijadili hapa redioni.

Na kabla ya kuleta rangi nyingine, wale waliochora programu washuke Baraka siku ya soko. Wampe mama wa ndagala simu yake mwenyewe ya vitufe, aweke franga elfu tano na azitoe, wasimsaidie, wasimshike mkono. Wakae pembeni kwenye benchi wahesabu dakika.